Toba ya Mamba wa Pakemi

Siku mpiga mbiu wa serikali alipoingia Pakemi na amri ya Kaisari, Taesi alikuwa ametumbukiza mkono mzima kinywani mwa mamba. Nyuzi za tende zilikuwa zimenasa kwenye jino la nyuma, na Babu, maana ndivyo kijiji kizima kilivyomwita mamba yule, alikuwa na tabia ya kununa kutwa akibakiwa na kitu menoni. Kwa hiyo Taesi hakusikia neno la Kaisari hata moja. Alisikia ngoma kwa mbali, akadhani kuna harusi, akakasirika kwamba hakualikwa.

Habari alizipata kwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu anatambaa, siku hizi shemasi wa kanisa. Alikuja mbio hadi langoni mwa ua wa hekalu, akakomea hapo hapo.

"Mama mdogo! Wamefunga mahekalu! Yote, Misri nzima!"

"Ingia ndani useme kama watu, Petesukhi."

"Siingii. Na mimi ni Yohana, mama. Yohana! Nitakwambia mara ngapi?"

Kuhusu majina hayo, tusiwalaumu. Pakemi ilikuwa kijiji cha mungu mamba tangu enzi za mababu wa mababu, na nusu ya wanaume wake walipewa jina moja, Petesukhi, yaani zawadi ya mamba. Kanisa lilipokuja, wote wakabatizwa Yohana. Zamani ukiita "Petesukhi!" sokoni, vichwa vyote viligeuka. Sasa ukiita "Yohana!", vinageuka vile vile, vichwa vile vile.

"Nani kafunga mahekalu?" Taesi aliuliza.

"Kaisari."

"Yupi? Mbona kila nikigeuka kuna mpya?"

"Huyu wa sasa! Mama, sikiliza basi. Ufalme wote sasa ni wa Kristo kwa amri. Hakuna dhabihu, hakuna ubani kwa sanamu, hakuna kulisha wanyama wa miungu. Jumapili anakuja Kasisi Serapioni kutoka mjini, na wapiga mishale. Watamwua Babu."

Taesi aliutoa mkono taratibu kinywani mwa mamba, akaufutia kwenye kanga yake, akakaa kitako juu ya jiwe. Babu akafunga mdomo, akamtazama kwa jicho moja.

"Watamwua kwa kosa gani?" alisema. "Amemfanya nini mtu?"

Petesukhi, au Yohana, aliinua mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeishia katikati.

"Ah, hilo ulijitakia," Taesi akasema.

Na ni kweli alijitakia. Mamba wa Pakemi hakuitwa kwa sauti, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Aliitwa kwa mikono. Unasimama ukingoni mwa bwawa, unainua mikono yote miwili, viganja wazi kuelekea mbinguni, unatulia. Babu anatoka majini, anakuja hadi miguuni pako, anafungua kinywa. Unamwekea mkate wa asali juu ya ulimi kwa mkono mmoja, wa pili ukibaki juu. Hapo tu ndipo unashusha mikono. Ndivyo alivyofundishwa Taesi na mama mkwe wake alipoolewa hekaluni, na mama mkwe naye alifundishwa na mama mkwe wake. Petesukhi, enzi hizo mtoto mtundu, aliinua mikono kwa mchezo, Babu akaja na njaa yake, mtoto akashusha mikono bila kutoa kitu. Sasa nani angevumilia dharau ya namna hiyo?

Hekalu lenyewe, tusidanganyane, lilikuwa limebaki jina. Paa la chumba cha nyuma lilishaanguka. Makuhani waliondoka mmoja mmoja. Mmoja wao alisikika ni bawabu wa kanisa mjini, na anaringa kweli kweli. Wa mwisho alikuwa mume wa Taesi, naye alizikwa. Akabaki mjane, bwawa, na Babu. Watu wa Pakemi Jumapili walikwenda kusali katika nyumba ndogo ya kanisa, wakaimba vizuri sana, na katikati ya wiki mtu ambaye mfereji wake umekauka alipita kwa Taesi na kimkate cha Babu chini ya nguo, maana tangu zamani mungu mamba ndiye mwenye maji. Walikuwa Wakristo wazuri. Lakini maji ni maji.

"Mtu ambaye mwenyewe anaitwa Serapioni," Taesi alisema, machozi yakianza, "jina la Serapi mungu wa Iskanderia, ndiye aje kuniulia mamba wangu? Mbona yeye hakubadilisha jina?"

"Yeye ni kasisi, mama."

"Ahaa. Kumbe ukiwa kasisi inaruhusiwa."

Alilia sasa waziwazi, kwa kwikwi. Hakuwa na mtoto wa tumbo lake. Kila asubuhi ya maisha yake ya ndoa na ya ujane alikuwa ameikanda ile mikate, na kila asubuhi kulikuwa na kiumbe mmoja ulimwenguni aliyefurahi kumwona. Shemasi alipoona hivyo, roho ilimuuma. Alivuta pumzi, akavuka kizingiti cha lango, hatua tatu hivi, jicho kwa Babu.

"Mama, hekalu tupu halina kosa," alinong'ona. "Tumtoe. Tufungue lango la mfereji, aende zake ziwani. Kasisi akija atakuta maji matupu."

Wakafanya hivyo. Kwanza walimvua Babu hereni zake za kioo. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikataa katakata, na shemasi, ambaye ndiye aliyekuwa akiishika, hakutaka kubishana nayo. Kisha Taesi alitembea kinyumenyume kando ya mfereji akirusha vipande vya mkate, na Babu akamfuata polepole, tumbo likiburuta, mpaka maji yakawa mapana na matete yakawa marefu. Mkate ulipokwisha, Babu alizama. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Hata kuaga!" Taesi alisema. "Umeona? Mzee hana shukrani kabisa yule."

Lakini aliporudi hakufunga lile lango la mfereji. Petesukhi alimwambia afunge, akasema atafunga kesho. Kesho yake akasema mgongo unamuuma.

Kitu kimoja hawakukifikiria, wala yeye wala shemasi, nao ndio watu waliomjua Babu kuliko wote. Babu alianguliwa bwawani. Hakuwahi kuwinda hata chura. Kwake yeye chakula hakikuwa kitu cha kukimbizwa. Chakula kilikuwa kitu kinachokuja baada ya mikono.

Jumapili kasisi alifika juu ya punda mweupe. Alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye sauti nzuri na anayejua kwamba ana sauti nzuri. Nyuma yake walikuja wapiga mishale wawili, na nyuma yao Pakemi nzima, kwani ibada siku hiyo ilipangwa kufanyika ndani ya ua wa hekalu lenyewe ili shetani aone kwa macho yake. Shemasi alibeba kapu la mikate ya baraka, ile inayogawiwa watu baada ya sala. Alikuwa amevaa vizuri, ila jasho lilimtiririka.

Kasisi alitazama bwawa. Maji yalikuwa kimya.

"Mama," alimwambia Taesi, "yuko wapi huyo joka wenu?"

"Ameondoka, baba."

"Ameondoka lini?"

"Aliposikia unakuja."

Mtu fulani nyuma alikohoa kicheko. Lakini kasisi alifurahi mno, akaona hapo pana mahubiri. Akahubiri. Alieleza jinsi shetani anavyokimbia mbele ya watumishi wa Mungu, akakimbiza shetani kutoka Pakemi hadi ziwani, kutoka ziwani hadi jangwani, na huko jangwani akamzungusha sana. Jua likapanda. Watoto wakasinzia. Wapiga mishale wakaegemea ukuta, wakaweka pinde chini. Taesi alikaa akitazama bwawa tupu na kuwaza kama kuna mtu yeyote huko ziwani anayejua kwamba Babu hapendi mkate wa moto.

"Tuombe," kasisi akasema hatimaye.

Akasimama ukingoni mwa bwawa, akafumba macho, akainua mikono yote miwili, viganja wazi kuelekea mbinguni, kama Wakristo wote wa enzi hizo walivyosali.

Taesi aliuma midomo. Alimtazama Petesukhi. Petesukhi alikuwa akimtazama yeye. Wote wawili wakageukia lango la mfereji.

Maji yalitikisika kidogo. Kisha yakapasuka, na Babu akatoka. Alikuwa amekonda! Ngozi imelegea, matope hadi machoni, na hereni moja ya bluu inameremeta sikioni. Alipanda ukingoni akikimbia, na mamba mzee yule hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Sala ilivunjika hapo hapo. Mayowe, viatu, akina mama juu ya kuta, mzee mmoja aliyekuja kwa fimbo mbili yuko juu ya paa na hakuna anayejua alipandaje. Mpiga mishale wa kwanza alinyakua upinde, akarukia kichwa cha sanamu kubwa ya uani. Wa pili alimrukia wa kwanza. Shemasi peke yake hakukimbia, lakini msimsifu bado, miguu ndiyo iliyogoma. Kasisi akasikia kelele, akafumbua macho. Mbele ya vidole vya miguu yake palikuwa na kinywa kilicho wazi kabisa, kimetulia, kinasubiri.

"Baba," Taesi alisema kwa sauti ya chini, "usishushe mikono."

"Kwa... kwa nini?"

"Muulize shemasi wako."

Yohana aliinua mkono wa kushoto na kile kidole chake nusu. Mikono ya kasisi ikapanda juu zaidi.

"Pigeni mshale!" alisema bila kugeuza shingo.

"Nikikosa nitakupata wewe, baba," alijibu yule wa kichwani mwa sanamu. "Na hapa natetemeka."

"Mama! Fanya kitu!"

"Nifanye nini mimi?" Taesi alisema. Moyo ulikuwa ukimdunda, kwa hofu na kwa furaha, na ile furaha ndiyo iliyokuwa ikimpa mdomo. "Nikimlisha mimi ni dhabihu. Amri imekataza. Nitakatwa kichwa."

"Nakuruhusu!"

"Wewe ni mkubwa kuliko Kaisari, baba?"

Jasho lilimwingia kasisi machoni na hakuweza kulifuta. Mikono, jamani, ijaribuni nyumbani mikono hiyo, haikai juu muda mrefu. Ilianza kucheza. Babu akaona inacheza, akatoa sauti ndogo kooni.

"Basi nifanyeje? Niambie nifanyeje!"

"Mlishe wewe. Mkono wa kulia tu, polepole, wa kushoto ubaki juu. Petesukhi! Msogezee kapu baba."

"Yohana," alisema shemasi kwa meno yanayogongana, lakini akasogea. Sasa msifuni. Alimfikishia kasisi lile kapu, na kasisi akachukua mkate wa baraka, mzima, wenye alama ya msalaba juu, akaushusha kidogo kidogo, akauweka juu ya ulimi wa mamba kama alivyoelekezwa.

Babu akafunga kinywa. Akatafuna. Akameza, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake. Kisha akafanya alichokifanya kila siku baada ya kula. Aliweka kichwa chake kizito juu ya mguu wa aliyemlisha, akafumba macho.

Halafu kutoka juu ya ukuta, mwanamke mmoja, jirani wa Taesi na mwenye shamba upande wa mfereji mkavu, alipiga kigelegele kilichotoboa masikio.

"Katubu! Mamba katubu! Kala mkate wa baraka, kamsujudia kasisi!"

"Katubu!" wakaitikia watu wa Pakemi, tena kwa moyo wote. Wengine waliamini. Wengine waliona tu kwamba hapa pametokea njia, na watu wa Pakemi wakiiona njia hawangoji kusukumwa.

Baadaye, watu walipokwisha kuteremka kuta na kwenda kusimuliana, kasisi alikaa kwenye jiwe la Taesi akinywa maji. Babu alilala pembeni, na shemasi alisimama mbali kidogo na kapu lake. Wapiga mishale walisimama langoni, pinde mkononi, wakingoja neno moja tu. Taesi alikuwa ameketi kati yao na Babu. Hakusema kwa nini ameketi pale. Mtu akiona mwanamke mzee amekaa mahali, hamwulizi.

"Alikuwa na njaa tu," kasisi alisema kwa sauti ndogo. "Sivyo?"

"Ndivyo, baba."

"Wewe unajua, na mimi najua." Alikuna ndevu. "Nikimwambia askofu alikuwa na njaa, basi mimi, Serapioni, nimesimama ukingoni mwa bwawa la hekalu, nimeinua mikono, nimemlisha mungu wa wapagani mkate wa kanisa. Kijiji kizima kimeona."

"Na ulifanya vizuri," Taesi akamwambia. "Mume wangu mara ya kwanza alidondosha mkate."

Kasisi alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuweza kujua.

"Basi ametubu," akasema. "Hakuna namna. Ametubu, na aliyetubu hauawi." Akawafanyia wapiga mishale ishara ya kuondoka. Taesi alijifunika uso kwa kanga na mabega yakamtikisika, na kasisi akangoja mpaka amalize, kwani hakuwa mtu mbaya. "Lakini sikiliza. Hereni itoke. Mikate iwe na msalaba. Na Jumatano na Ijumaa atafunga kama Wakristo wengine."

"Baba, huyu hajui Jumatano."

"Utamfundisha. Na wewe utabatizwa, uingie miongoni mwa wajane wa kanisa. Utachagua jina."

"Nina jina. Taesi, wa mama Isi."

"Ndilo nisemalo. Jina la mungu mke wa kipagani halifai kwa..." Akasita. Taesi alikuwa akimtazama kwa upole mwingi. "Serapioni" lilining'inia hapo katikati yao na hakuna aliyelitamka. Kasisi akakohoa. "Basi baki nalo."

"Na mikono je?" aliuliza Taesi. "Bila mikono haji."

"Mikono ile ni ya sala, mama."

"Ninajua. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, hapo hapo uliposimama."

Kasisi Serapioni alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu. Labda na yeye alikuwa na bibi. Mji alikozaliwa, kabla haujapewa jina jipya, uliitwa Mji wa Mamba.

"Inua," akasema, akaenda kumtafuta punda wake.

Wiki hiyo Taesi alibatizwa. Maji ya kutosha yalikuwa bwawani pekee, na shemasi aliyembatiza alisema maneno yote kwa pumzi moja, jicho likiwa upande wa pili wa bwawa. Pakemi haijawahi kuona ubatizo mfupi namna ile. Hereni ya kushoto ilitoka yenyewe, Babu alipojikuna kwenye jiwe, na Taesi akaificha kwenye mtungi wa unga. Paa la chumba cha nyuma lilianza kujengwa upya, maana hekalu sasa ni la kanisa.

Kisha ikaja Jumatano.

Babu alitoka majini mwenyewe, kabla hata ya mikono, akafungua kinywa. Bado mbavu zilionekana.

"Leo hakuna," Taesi alimwambia. "Leo Jumatano."

Babu alisubiri.

"Usinitazame hivyo. Hata mimi sijala. Kaisari kasema, kasisi kasema, nimeahidi mbele ya watu. Unataka niwe mwongo wiki ile ile ya ubatizo wangu?"

Babu alisubiri. Taesi akakaa kando yake, akaweka mkono juu ya kichwa chake chenye magamba, na tumbo la mmoja likanguruma, likajibiwa na la mwenzake. Aliahidi na alikusudia kutimiza. Lakini alimwona mzee wake amekonda, hajui kosa lake, na kwa mara ya kwanza tangu amri isomwe alijihisi kweli ameshindwa. Mungu mmoja au miungu mingi, alifikiri, hakuna hata mmoja aliyewahi kumweleza mamba kitu.

Lango lililia. Shemasi aliingia. Hakukomea kizingitini. Alipita ua mzima hadi ukingoni, uso umempauka, akatazama nyuma, akatazama kushoto na kulia, kisha akatoa kutoka chini ya joho lake jeupe la kanisa samaki mkubwa, bado anapiga mkia.

"Kasisi alisema mkate," alinong'ona haraka. "Samaki hakumtaja. Nilikuwepo, nilisikiliza vizuri."

Akampa Taesi yule samaki, akasimama mbele ya mamba aliyemkata kidole, akainua mikono yote miwili. Haikushuka. Taesi akamweka samaki juu ya ulimi wa Babu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Ahsante, Yohana."

Shemasi alifungua mdomo kumsahihisha, kwa mazoea, akakuta hakuna cha kusahihisha. Akabaki hivyo hivyo, mikono juu na mdomo wazi, na Taesi ikabidi amkumbushe kwamba Babu ameshakula, anaweza kuishusha.